Shajara ya mradi: askari wetu na pikipiki zao

Wiki ya 1

Kazi nimepewa Jumatatu baada ya gwaride, kwa maneno machache: "Sajenti, vijana wanatuishia barabarani. Tafuta la kufanya." Mkuu wa kikosi hakuongeza neno, nami sikuuliza. Wiki iliyotangulia sote tulikuwa makaburini. Marehemu hakufa akiwa kazini. Alikuwa kwenye pasi ya siku mbili, kavaa kiraia, juu ya pikipiki ambayo hata plastiki ya kiti ilikuwa haijabanduliwa.

Kabla ya kumfundisha mtu nilitaka kujua waendeshaji wetu ni wangapi. Daftari la ofisi lina majina 14. Nikakaa getini siku tatu, asubuhi na jioni, nikiangalia watu wanavyoingia. Hesabu yangu imefika 37. Wengi wanaingia kwa miguu, helmeti kwapani, kana kwamba wameshushwa na basi. Wengine hawana hata helmeti, lakini pindo la suruali, mguu wa kushoto, lina mstari mweusi wa grisi ya cheni. Huyo hajashuka kwenye basi.

Nikamuuliza koplo mmoja ninayemwamini: pikipiki zenu mnaziacha wapi? Akatazama buti zake kwanza. "Afande, ukiiandikisha hapa inakaguliwa. Ikikosa kioo inazuiwa, na wewe unaenda kujieleza. Sasa nani atajipeleka?" Kwa hiyo zinalala kwenye nyua za watu, nje ya uzio wa kambi. Kanuni tuliyoiweka ili tuwalinde ndiyo inayowaficha tusiwaone.

Wiki ya 2

Nimeandika pendekezo la ukurasa mmoja. Ombi kubwa ni siku 60 za kuandikisha pikipiki bila adhabu. Ukaguzi uwepo, ila kasoro iandikwe kama kazi ya kufanya, isiwe kosa la kujibu.

Kikaoni luteni wa utawala alipinga. "Tukifumbia macho leseni leo, kesho mtu akifa tutajibu nini?" Swali la haki, na sikuwa na jibu zuri. Tulichokubaliana ni kwamba msamaha unahusu kuandikisha tu. Asiye na leseni hatoki nayo getini, atajifunzia uwanjani, ndani ya kambi, mpaka aipate.

Lililomgeuza mkuu ni yaliyowakuta wengine. Mwaka 2008 Marine Corps, tawi mojawapo la jeshi la Marekani, ilijikuta na hesabu mbaya: katika muda wa karibu mwaka mmoja wanajeshi wake 25 walikuwa wamekufa kwa ajali za pikipiki, na waliouawa vitani Iraq katika muda uleule walikuwa 20. Karibu wote hao 25 walikuwa kwenye pikipiki za mbio. Jeshi lenye silaha zote hizo, linalopigana vita, linapoteza watu wengi zaidi wakiwa kwenye mapumziko. Mkuu alikaa kimya, akasaini.

Wiki ya 3

Wiki ya helmeti. Nilijua nitalala hapo na sikukosea.

Nimeanza somo kwa kuweka mezani helmeti ya marehemu. Familia imeniruhusu. Haina mkwaruzo hata mmoja, rangi inang'aa kama ya dukani. Vijana wakaizungusha mikononi wakitafuta palipopasuka, na kila mmoja alipoona hakuna kitu alinitazama mimi. Iliokotwa hatua 30 kutoka alipolala mwenyewe. Kamba ilikuwa haijafungwa.

Sikuongeza hotuba. Nikawaambia kila mtu avae ya kwake, afunge kamba, kisha mwenzake aishike kwa nyuma, chini karibu na shingo, ajaribu kuibinua mbele imtoke kichwani. Kati ya helmeti 22 zilizokuwepo, 9 zilitoka. Tatu zilitoka na kamba imekazwa sawasawa! Ni kubwa mno, zimenunuliwa kwa macho bila kupimwa. Helmeti inayofaa inabana mashavu kiasi kwamba ukiitikisa, ngozi ya uso inakwenda nayo. Na iliyowahi kuangushwa kwa nguvu haifai tena hata kama nje ni nzima, kwa sababu lile povu la ndani hufanya kazi kwa kubonyea mara moja tu.

Takwimu nimewapa moja na kuishia hapo. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yaliyokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, yaliona helmeti hupunguza uwezekano wa mwendeshaji aliyepata ajali kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69.

Kisha nikawasimulia kisa cha askari mwenzao, maana kinawakaa zaidi kuliko asilimia. T. E. Lawrence, yule Mwingereza wa vita vya Uarabuni, alipenda mno pikipiki. Mei 1935, wiki chache baada ya kuacha utumishi katika jeshi la anga, alikuwa anarudi nyumbani kwake Dorset akakuta bondeni wavulana wawili juu ya baiskeli. Akawakwepa, akaruka juu ya usukani. Hakuwa na helmeti. Alikufa baada ya siku 6. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, na daktari yule hakuliacha jambo lipite. Mwaka 1941 alichapisha uchunguzi wake kuhusu waendesha pikipiki. Katika miezi 21 ya mwanzo ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wamekufa Uingereza 2,279, dhidi ya 1,884 katika miezi 21 iliyotangulia, na kichwa ndicho kilichokuwa kinawaua. Novemba mwaka huohuo jeshi la Uingereza likaamuru wapanda pikipiki wake wote wavae helmeti wakiwa kazini. Raia wa nchi hiyo walisubiri sheria yao mpaka 1973.

"Kwa hiyo jeshi ndilo lililoanza," akasema kuruta mmoja nyuma, kwa majivuno, kama vile alikuwepo.

Wiki ya 4

Ukaguzi wa pikipiki. Walioandikisha sasa ni 26. Mpangilio wetu: tairi, breki, cheni, taa, mafuta na oili, stendi. Jeshini kila kitu kinataka neno la kukumbukia, basi koplo wangu akaunganisha herufi za mwanzo, likatoka neno kama jina la dawa ya mbu. Tumeliacha.

Kasoro zinazojirudia ni cheni. Ama inaning'inia ama imekazwa kama waya wa simu. Nimewaonyesha: weka kidole katikati ya cheni, upande wa chini, inua na shusha. Kwa pikipiki nyingi za kawaida icheze kama sentimita 2 hadi 3, na kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha pikipiki yenyewe. Mmoja alikuwa na taa ya breki iliyoungua, hajui tangu lini. Ni kweli, wewe mwenyewe taa yako ya nyuma huioni. Anayeiona ni yule atakayekugonga.

Wiki ya 5 na 6

Uwanjani. Tumepewa uwanja wa magari asubuhi mpaka saa nne, kisha malori yanautaka. Koni 40, chaki, na futi ya kamba.

Nilianza na breki, kwa sababu ndipo penye uongo mwingi. Karibu kila mtu aliyefundishwa na kaka au rafiki ameambiwa asiguse breki ya mbele, itampindua. Sasa ukweli uko hivi: pikipiki inapopunguza mwendo uzito mwingi unaegemea mbele, tairi la mbele linashika lami, la nyuma linakuwa jepesi. Nguvu kubwa ya kusimamisha iko mbele, robo tatu hivi. Anayetegemea ya nyuma peke yake anaburuza tairi, anaacha mstari mweusi mzuri, na hasimami.

Siri iko kwenye mkono. Wanaoanguka kwa breki ya mbele wanaikwapua. Nawaambia waikamue kama wanavyovuta kilimi cha bunduki: unakaza taratibu, unaendelea kukaza, mpaka inatokea. Hapo nyuso zilibadilika. Kumbe somo la kwenye shabaha tulikuwa nalo siku zote.

Kisha tukapima. Kwa kilomita 20 kwa saa wengi walisimama ndani ya mita 3 baada ya koni. Nikauliza: kwa 40 itakuwa ngapi? Kwa sauti moja, "Sita!" Wakapanda. Mita 11, 12, mmoja 14 na akasimama akicheka peke yake. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa breki unazidishwa mara nne. Na hapo walikuwa wanaijua koni ilipo. Barabarani hukuarifiwi, na sekunde moja tu ya kushtuka, ukiwa kwenye 60, ni karibu mita 17 umekwenda kabla vidole havijagusa kitu.

Kona ndiyo iliyotupa kazi zaidi. Sajenti mmoja wa zamani, mwenye miaka mingi juu ya pikipiki, alikuja kutazama tu. Nikamwomba apite kwenye koni kwa mwendo wa 40. Akapita vizuri kabisa. Nikamuuliza ameikataje kona ya kulia. "Nimeegemea kulia." Nikamwambia apite tena, lakini sasa mkono wa kulia ausukume mbele kidogo, kiganja wazi, na asifanye kingine chochote. Pikipiki ikalala kulia yenyewe, nusura imshtue. Alirudi ametulia sana. "Mimi hiki kitu ninakifanya siku zote na sikijui," akasema. Shida ya kufanya jambo bila kulijua ni kwamba siku ya hofu mikono inafanya kinyume chake. Mtu anavuta usukani akimbie lori, na pikipiki inalala upande wa lori.

Na macho. Hili halina maelezo marefu. Unakokodolea ndiko unakokwenda. Nimechora shimo kwa chaki katikati ya njia na kuwaambia walikwepe huku wakilitazama. Wengi walipita juu yake. Nikawaambia wakodolee nafasi iliyo pembeni ya shimo. Hakuna aliyeligusa.

Mvua ilinyesha siku mbili. Tulifanya breki kwenye majimaji, asubuhi moja ikatosha.

Wiki ya 7

Ameanguka mmoja, na ni yule niliyekuwa namtolea mfano. Mguu umevunjika, chini ya goti, uhai upo. Kofia ilifungwa, glavu zilivaliwa, koti lilichanika lakini ngozi ya mikono ni nzima. Gari dogo lililokuwa linatoka upande wa pili lilikata mbele yake njia panda. Dereva akasema lile neno wanalolisema wote: "Sikumwona."

Nimekwenda wodini nikiwa na hasira na dereva. Nimerudi nikiwa na hasira na silabasi yangu.

Hili jambo lilikwisha kuandikwa. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki papo hapo zilipotokea Los Angeles, ripoti ikatoka 1981. Katika ajali za kugongana na gari, theluthi mbili dereva wa gari ndiye aliyeivunja haki ya njia ya mwenye pikipiki, na mara nyingi ni hivi hivi, gari linakata kona mbele yake. Mwendeshaji anabakiwa na chini ya sekunde 2 za kufanya lolote. Asilimia 92 ya waliopata ajali walikuwa wamejifundisha wenyewe au na ndugu na marafiki. Utafiti wa baadaye wa nchi 5 za Ulaya, uliochunguza ajali 921, uliona nusu zake chanzo kikuu ni kosa la mtu wa gari lile jingine. Mimi niliyasoma haya kabla ya wiki ya kwanza, na bado nikatumia wiki mbili kufundisha mikono na saa moja kufundisha njia panda.

Kijana mwenyewe alinieleza bila kuulizwa: "Afande, nilimwona. Nilimtazama usoni na yeye akanitazama. Nikajua ameniona." Ndilo kosa ninalolirekebisha. Uso unaweza kukuelekea na ubongo usikusajili, hasa unapokuja moja kwa moja kuelekea kwa mtu, maana kitu chembamba kinachokuja usawa wa macho hakionekani kusogea, kinaonekana kikiwa kidogo mpaka ghafla ni kikubwa. Usitazame uso. Tazama tairi la mbele la gari: uso unadanganya, tairi likianza kuzunguka au kupinda limekwishasema. Punguza mwendo kabla ya njia panda, vidole viwili viwe tayari juu ya breki, yumba kidogo ndani ya mstari wako ili usionekane umesimama, na taa iwake mchana.

Wiki ya 8

Somo la njia panda limeandikwa upya. Sasa ni siku mbili, siku moja yake haina pikipiki. Tumekwenda kwa miguu mpaka njia panda iliyo karibu na kambi, tukakaa kwenye kivuli saa moja tukitazama matairi tu. Kila mtu alitakiwa kutaja "anakata" kabla gari halijawasha indiketa. Baada ya nusu saa walikuwa wanapatia mara nyingi kuliko kukosea, na mwishoni ikawa mchezo wa kubahatisha. Nimeruhusu.

Tumewaleta pia madereva wetu wa malori. Kila dereva alikaa kwenye kiti chake, injini imezimwa, na nikapanga pikipiki kulizunguka lori. "Unaona ngapi?" Wa kwanza akasema mbili. Zilikuwa sita. Kisha wenye pikipiki wakapanda wao kwenye kiti cha dereva, na kimya kikaingia uwanjani. Koplo mmoja anayependa kupenya kati ya lori na ukingo wa barabara aliteremka akasema, "Kumbe pale mimi sipo." Katika yote niliyoyafanya mpaka sasa hili ndilo lililogharimu kidogo kuliko yote, na kama ningeanza upya ningeanza nalo.

Wiki ya 10

Jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Nimepanga kwenye karatasi moja visa vyote nilivyoandika tangu getini, hata vile vya kukoswakoswa, kwa saa za siku. Vingi vimejikusanya asubuhi kati ya saa moja na saa tatu. Hiyo ndiyo saa ya kutoka lindo la usiku.

Watafiti wameshapima hili: mtu aliyekaa macho saa 17 mpaka 19 utendaji wake unashuka kufikia, na wakati mwingine kupita, wa mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Kiwango hicho katika nchi nyingi ni kosa barabarani. Askari akitoka lindo akinuka pombe tunamweka ndani. Akitoka akinuka usingizi tunampigia saluti na kumfungulia geti.

Nimeomba chumba. Nimepewa stoo ya zamani ya magodoro, vitanda 4. Anayetoka lindo na ana pikipiki anaweza kulala saa moja na nusu kabla ya kuondoka. Sharti langu lilikuwa asiulizwe kitu. Wiki ya kwanza walilala wawili, na wote wawili walichekwa. Ijumaa akalala sajenti meja. Tangu hapo hakuna anayecheka, na tatizo ni kwamba vitanda havitoshi.

Wiki ya 12

Kundi la operesheni limerudi baada ya miezi 7. Hawa ndio niliokuwa nawaogopa. Mtu anarudi na posho mkononi, mwili umezoea hatari, na jambo la kwanza ni kununua pikipiki kubwa kuliko aliyoiacha. Hata aliyeendesha miaka 10 anakuwa mgeni tena: Hurt aliona zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa hawajamaliza miezi 5 na pikipiki ileile waliyoanguka nayo, hata kama kuendesha walikuwa wanajua.

Pasi zao za likizo nimeomba ziambatane na nusu siku uwanjani kwa kila mwenye pikipiki. Walinuna. Mmoja aliniambia kwa adabu kamili, mikono nyuma, "Afande, mimi nimetoka kupigwa mabomu, leo nizungushwe kwenye koni?" Nikamwambia aende 40 asimame kwenye mstari. Alipita mstari kwa mita 6. Akarudi mwanzo bila kuambiwa, akarudia mara 9.

Siku 60 za msamaha zimekwisha katikati ya wiki. Mkuu ameziongeza bila mimi kuomba. Luteni wa utawala ndiye aliyechapa barua.

Wiki ya 13

Walioandikisha: 35. Leseni zilizopatikana tangu tuanze: 6. Kijana wa mguu ametoka na magongo, anakuja uwanjani kukaa kwenye kiti na kupiga kelele za macho: "Juu! Tazama mbali!" Anafaa kuliko mimi.

Bado wawili kwa hesabu yangu ya getini. Mmoja ninamjua kwa grisi ya suruali. Sijamwita, nimemwacha.

Leo jioni, giza limeanza kuingia, mlinzi amenipigia kwamba kuna mtu getini anasukuma pikipiki, haina kioo, haina taa ya nyuma, tairi limelala, na anauliza kwangu ni wapi. Nikatoka. Jasho lilikuwa linamtiririka. Ameisukuma tangu nje ya uzio.

"Afande, naambiwa huulizi."

Nikamwonyesha pa kuiegesha, karibu na pampu.